Wiki Moja na Kadi ya Feni Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Ninayo! Iko mezani mbele yangu. Nimenawa mikono mara mbili kabla ya kufungua boksi.

Kadi ya michoro, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za gemu kwenye skrini. Na hii ndiyo kubwa kuliko zote dukani. Feni tatu! Kumbukumbu giga ishirini na nne. Urefu sentimita thelathini na nne, nimeupima mwenyewe. Uzito kilo mbili na robo, kwa mizani ya jikoni. Inakula wati mia nne na hamsini peke yake. Mimi ni fundi wa friji mwaka wa thelathini sasa, najua maana yake: ni kama friji tatu zinanguruma pamoja ndani ya kitu chenye ukubwa wa tofali.

Nimeipataje? Kiyoyozi cha duka la kompyuta kilikufa. Nilikifufua asubuhi. Mwenye duka, mama mmoja asiyecheka, akauliza anilipe kiasi gani. Nikamwambia sitaki hela, naomba aniazime ile kadi ya kwenye kabati la kioo kwa wiki moja. Alinitazama kama nimemwomba figo. Akasema yeye hamwazimi kalamu hata mama yake mzazi. Nikamweleza sababu. Akasema hadi Jumapili saa sita mchana, isilowe, isidondoke, isifunguliwe, na ikirudi na mkwaruzo hata mmoja nisimwite dada tena.

Sababu ni ziwa.

Mimi na mke wangu tulikuwa na gemu moja tu, la kujenga nyumba na bustani. Yeye alijenga nyumba yake kando ya ziwa. Miaka sita aliipamba. Ila kadi yetu ni kuukuu, na ziwa lilionekana kama ubao uliopakwa rangi ya bluu. Kuna mahali pameandikwa MAJI HALISI kwa maandishi ya kijivu, ukibonyeza hapakubali. Yeye alikuwa akipabonyeza kila jioni. Alisema labda leo pameamka vizuri. Kisha anasema, iko siku nitaliona ziwa langu likicheza.

Mwezi ujao atatimiza mwaka tangu aondoke. Hakuliona. Basi nitamwonea mimi.

Shemeji alipita saa kumi. Huyu ni mdogo wa marehemu mke wangu, anaishi mtaa wa pili, anafanya kazi kiwanda cha uchapaji na anapenda kuitwa Injinia. Aliishika Kadi akapiga mluzi. Akasema mashine yake iko tayari, kubwa, ya kisasa, twende tukaichomeke sasa hivi, dakika tano tu ziwa hilo hapo.

Nikakataa! Nyumba ya mke wangu ikafunguliwe sebuleni kwa watu? Itafunguliwa kwenye kompyuta yake, juu ya meza yake, penye alama ya duara ya kikombe chake cha chai. Alama hiyo siifuti.

Shemeji akasema haya bwana, ila kasha lako halitaitosha. Wivu mtupu.


Jumanne, 4 Machi

Kasha halitoshi.

Ndani lina sentimita thelathini. Nimelipima mara nne, kwa futi ya chuma na ya kitambaa. Zote zinasema hivyo hivyo. Nimejaribu kuiingiza Kadi kwa mshazari kama unavyoingiza kabati mlangoni. Haikubali.

Shemeji akapita tena, safari hii akiwa na futi yake mwenyewe mfukoni! Mtu gani anatembea na futi? Alipima, akatikisa kichwa, akasema pole shemeji, kwa sauti ya mtu anayefurahi.

Nikangoja aondoke. Nikachukua msumeno wa chuma.

Nimekata dirisha zuri sana mbele ya kasha. Safi, lenye kona nne sawasawa, nimelipiga tupa hadi kidole hakikwaruziki. Kadi imeingia! Sentimita nne zimejitokeza nje, kama ulimi. Mtu akiitazama kwa haraka ataona kompyuta inamdhihaki. Mimi naona inacheka.

Vumbi la chuma limeenea sebule nzima, nimelizoa kwa sumaku. Sebule ina friji tatu za wateja, lakini nafasi ya kupita ipo ukienda ubavu. Marehemu alikuwa akilalamika kwamba anaishi ghalani. Lakini kila friji mpya ikiingia alikuwa anaipa jina la utani. Ile iliyotoa sauti ya kukoroma aliiita Baba Mkwe.

Kesho umeme. Sioni tatizo.


Jumatano, 5 Machi

Tatizo lipo.

Pawa saplai yangu, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ya wati mia tatu. Kadi peke yake inataka mia nne na hamsini. Hata mtoto wa chekechea anaweza kufanya hesabu hiyo. Sikuifanya.

Najua mtu mwenye pawa saplai ya wati mia nane na hamsini, ya akiba, imekaa kabatini bure. Lakini kumwomba Shemeji ni kukiri kwamba mashine yangu ni mgonjwa. Nikapanga mpango. Nilikwenda kwake saa tatu asubuhi, uso mkavu, nikamwambia nahitaji ile pawa saplai kwa ajili ya kupima friji ya mteja.

Akauliza friji gani hiyo inayotumia pawa saplai ya kompyuta.

Nikasema ya kisasa.

Akaileta. Akasema nimsalimie hiyo friji. Nadhani hakushtukia chochote.

Saa saba mchana nimefunga kila waya. Nimepiga moyo konde. Nimebonyeza. Feni tatu zikaamka! Taa zikawaka nyekundu, kijani, zambarau! Nilisimama kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa. Sekunde nne. Halafu paa! Giza ndani ya friji zote tatu, kimya, swichi kuu ya jengo imeruka.

Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya chini akapanda ngazi na fimbo yake. Alikuwa anatazama kipindi chake cha televisheni, na mwanamke ndani ya kipindi alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kumtaja baba wa mtoto. Sasa hatajua! Akaniuliza nina akili au nina matope. Nikamwamkia. Akasema marahaba, lakini swali liko palepale.

Kosa langu: friji tatu, pasi na Kadi, vyote kwenye laini moja. Na kusema kweli ningemkemea mteja yeyote aliyefanya hivyo. Nimezima friji mbili. Nimewasha tena. Imewaka! Imekaa! Nimeizima haraka, kabla haijabadili mawazo.


Alhamisi, 6 Machi

Picha mia moja na arobaini kwa sekunde!

Naandika tena ili niisome. Mia moja na arobaini. Kadi yetu kuukuu ilikuwa inachora picha kumi na moja kwa sekunde. Ukigeuza kichwa ndani ya gemu ilikuwa kama kupekua albamu. Leo nimegeuza kichwa na dunia imegeuka nami, laini, kama siagi inayoteleza kwenye sufuria. MAJI HALISI hayako kijivu tena. Yamewaka meupe. Nimepabonyeza mara moja tu, kwa adabu.

Nikafungua nyumba. Nilikuwa sijaifungua tangu msiba.

Gemu lilianzia langoni, pale alipokuwa amesimama mara ya mwisho. Ziwa liko nyuma ya nyumba. Ningeweza kukimbia moja kwa moja. Lakini mtu hapiti nyumbani kwa mwenyewe bila kusalimia. Nikaingia polepole. Pazia lina nyuzi! Sikuwahi kujua kama pazia lile lina nyuzi. Sakafu inaakisi taa. Kuna bakuli la machungwa mezani, na moja lina jani. Alikuwa ameyaweka hivyo miaka yote na tulikuwa tunaona mipira ya rangi.

Nikiwa jikoni kwake picha zikaanza kukwama. Tisini. Arobaini. Joto la Kadi nyuzi themanini na nane! Halafu skrini ikazima.

Nikakaa. Nikawaza. Kasha limekaa nyuma ya friji ya mteja, pale pale joto la friji linapotokea. Kadi ilikuwa inavuta hewa ya moto, ikachoka, ikajizima isije ikaungua.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilianza kucheka peke yangu. Joto! Katika matatizo yote duniani, nimeletewa joto! Shemeji ana futi, ana mashine, ana jina la Injinia. Lakini nani mtaa huu anajua baridi kunishinda?

Kesho.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeiweka kompyuta ndani ya friji.

Si friji ya mteja, mimi si mwizi. Ni friji yetu wenyewe. Nimetoa vitunguu, samaki na mtungi wa maji. Nimetoboa tundu ubavuni, mahali pasipopita bomba la gesi. Nimepitisha nyaya, nimeziba tundu kwa lakiri na gundi. Mlango umefunga vizuri hata karatasi haipiti. Hewa ya ndani nimeikausha kwanza, maana baridi na unyevu vikikutana huzaa matone. Hayo nayajua. Nimewafundisha nusu ya mji.

Saa nne na nusu nimewasha. Ole wenu!

Joto la Kadi: nyuzi arobaini na moja! Picha: mia moja sabini na mbili kwa sekunde! Kuna ile programu ya kupima nguvu, inatoa alama mwishoni, nimeiendesha. Imesema kompyuta yangu ni bora kuliko asilimia tisini na saba ya kompyuta zilizowahi kupimwa. Asilimia tisini na saba! Iko kati ya siagi na mayai!

Nikampigia Shemeji simu. Nilimsomea namba moja moja, polepole. Yeye mashine yake huwa inagonga nyuzi sabini. Akasema haiwezekani. Akasema shemeji acha kamba, tuma picha.

Nikafungua mlango, nikapiga picha, nikatuma. Akasema haionekani vizuri. Nikafungua tena. Akataka kuona taa. Nikafungua. Mwalimu wa chini akaja kuuliza mbona nashangilia, nikamfungulia na yeye aone. Akasema ni pazuri, lakini samaki nimemweka wapi. Alipoondoka nikafungua kidogo nitazame peke yangu. Kisha tena. Ni taa za zambarau, na mvuke mwembamba unapita juu ya feni. Ni kama kuchungulia mahali ambapo watu wana sherehe.

Miaka thelathini nimewaambia wateja: mama, usifungue friji ovyo. Kila ukifungua, hewa ya joto inaingia na unyevu wake, ikigusa baridi inakuwa maji. Nimesema hivyo leo hii asubuhi, kwa simu, kwa mteja.

Nilikuwa najiandaa kwenda ziwani. Nimechana nywele. Ndiyo, nilichana nywele, na nilivaa lile shati alilolipenda. Nimefika mlango wa nyuma wa nyumba yake. Nimeweka mkono kwenye kitasa.

Skrini ikawa nyeusi.

Nikafungua friji. Kadi ilikuwa imejaa matone kama chupa ya soda mezani.


Jumamosi, 8 Machi

Sijala.

Mwenye duka alisema mambo matatu. La kwanza lilikuwa isilowe.

Nimeifuta kwa pamba. Nimeining'iniza kwenye kamba ya nguo dirishani, kati ya soksi zangu mbili, upepo uipitie. Kompyuta yenyewe nimeianika kwenye kiti, imefunguka kifua kama mgonjwa. Mwalimu wa chini akanikuta hivyo. Safari hii hakuuliza habari za akili. Aliteremka, akarudi na mashine yake ya kukaushia nywele, akasema ni ya harusi ya bintiye na niitumie kwa mbali, hewa baridi, sio moto. Kisha akakaa nami kama tunamwuguza mtu. Akasema marehemu aliwahi kumpa mbegu za maua na akamwambia ana bustani nyingine ndani ya kompyuta. Yeye alidhani ni utani.

Saa nane nikaona hakuna njia. Kuiwasha kwangu siwezi, kompyuta bado mbichi. Aliyebaki ni mmoja. Nikaifunga Kadi kwa taulo, nikaenda mtaa wa pili, roho mkononi.

Nilikuwa nimeandaa maneno marefu. Shemeji alifungua mlango, akatazama taulo, akatazama uso wangu, akasema ingia. Nikamwambia yote. Friji, mlango, matone. Nikamrudishia na pawa saplai yake. Akasema anafurahi kusikia ile friji ya kisasa imepona. Kumbe alijua tangu mwanzo!

Sikujitetea.

Aliichunguza Kadi kwa miwani na tochi, upande huu, upande ule. Akaichomeka kwenye mashine yake. Nilifumba macho. Nilihesabu. Nikiwa kwenye saba nikasikia feni.

Inafanya kazi! Inafanya kazi! Nilimkumbatia hadi miwani ikamtoka. Akasema shemeji, utaniua, kisha akaniuliza taratibu kama faili la nyumba ya dada yake ninalo. Nikamwambia ninalo, kwenye flashi, ninalala nalo chini ya mto tangu Jumatatu.

Akasema basi, Kadi ikauke kabisa usiku huu, kesho mapema tuifungue nyumba. Akasema Jumatatu hakutaka kunionyesha mashine yake. Alitaka kuiona nyumba ya dada yake, na alishindwa kuomba.

Nimetembea kurudi nyumbani nikijiona mdogo. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anayemkumbuka. Nilidhani kazi hiyo ni yangu peke yangu.


Jumapili, 9 Machi

Tumeliona.

Saa tatu asubuhi. Shemeji alikuwa amefagia, ameweka viti viwili, amepangusa skrini. Nikamwachia yeye aongoze. Tukapita langoni, jikoni, kwenye machungwa. Akafungua mlango wa nyuma.

Maji! Maji yenyewe! Yanakwenda, yanarudi, yanagonga ukingo taratibu. Wingu linapita ndani yake. Bata wake wawili wanaogelea, na nyuma ya kila bata kuna mstari mdogo unaofunguka kama mkasi. Picha mia na ishirini kwa sekunde na hata moja haijakwama. Nikasema kwa sauti, haya mama, ziwa lako hilo. Shemeji akapenga kamasi akisingizia vumbi.

Tukasogea ukingoni. Maji ni safi kabisa, unaona hadi chini.

Chini kulikuwa na kiti.

Halafu tukaona kingine. Halafu meza. Halafu viti vitatu vimelaliana.

Hapa nieleze. Mimi kwenye gemu lile sikujenga nyumba. Nilikuwa seremala. Kila sikukuu, kila tukigombana na kupatana, nilimchongea samani na kumwachia mlangoni. Yeye alikuwa anashukuru sana. Nikimuuliza kiti kiko wapi, ananiambia amekiweka mahali pazuri, penye utulivu. Miaka sita! Na ziwa lilikuwa ubao wa bluu, huoni chini.

Shemeji alihesabu. Viti ishirini na vitatu. Meza nne. Lango moja. Na ile sanamu yangu ya bata, kubwa kuliko nyumba, imelala chali na samaki wanapita mdomoni.

Tukatazamana. Shemeji ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akateleza kwenye kiti. Akasema dada alikuwa anampigia simu na kumwambia, “Mume wangu ameniletea kiti kingine, niombeeni.” Mimi nikacheka hadi mbavu zikauma, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena kwa sababu ya yule bata. Nilimsikia kabisa akicheka nasi, kile kicheko chake cha puani. Mwaka mzima sikuwahi kukisikia vizuri namna hii.

Tulikaa ukingoni hadi saa tano na nusu.

Saa sita kamili Kadi imerudi dukani. Mwenye duka aliigeuzageuza chini ya taa. Hakuna mkwaruzo. Akainusa. Akauliza kwa nini inanuka vitunguu. Nikasema dada, teknolojia ni kitu cha ajabu. Kisha akauliza kama nimeliona ziwa. Nikamwambia nimeliona. Sina hakika, lakini nadhani alitabasamu.


Jumatatu, 10 Machi

Kompyuta imekauka. Imewaka na kadi yake kuukuu, picha kumi na moja kwa sekunde.

Nimefikiri tangu jana na nimelipata jibu. Tatizo halikuwa viti! Tatizo lilikuwa kadi! Jana chini ya maji niliona kila kitu: mikunjo ya mbao, maua niliyochonga kwenye migongo, hata vichwa vya misumari. Vizuri ajabu! Lakini yeye, maskini, kwenye kadi hii alikuwa anaona mabonge ya kahawia. Hata mimi ningeyatupa. Kama angeviona jinsi vilivyo, vyote ishirini na vitatu vingekuwa sebuleni.

Nilimpigia Shemeji kumweleza. Akasema shemeji, nakuomba, kama ndugu, usichonge kingine.

Anaona wivu.

Nimeanza cha ishirini na nne asubuhi hii hii. Kina mikono, kina mito, mgongoni nimechonga bata. Kikubwa kuliko vyote. Kimenichukua saa tano, maana ukipiga nyundo leo, unaiona kesho. Mguu mmoja umetoka mfupi, lakini kwa picha kumi na moja hauonekani.

Nimekiweka mlangoni kwake. Kimeziba mlango.

Atazoea.